Umeme ukipita kwa jirani, alipwe kiasi gani? (Sehemu ya 2)

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan aliposema Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi walihoji: si tuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115? Swali halali, ila bei ya uniti pale mtamboni haitoshi kulijibu.

Umeme huo hutoka Wolayta Sodo kwa laini ya kilovoti 500 hadi Suswa, huingia gridi ya Kenya, kisha hushika laini ya kilovoti 400 kutoka Isinya kuja Singida kupitia Arusha. Kenya hapo hainunui wala haiuzi, inapitisha tu. Itoze kiasi gani?

Njia nyepesi ni ya stempu: barua ya karibu na ya mbali hulipiwa sawa. SAPP, umoja wa gridi za kusini mwa Afrika, ulianza hivyo: asilimia 7.5 ya thamani ya umeme unaovuka nchi moja, asilimia 15 ukivuka mbili au zaidi. Tuseme megawati 100 kwa saa moja, uniti senti 6 za dola. Mzigo ni dola 6,000. Mpitishaji anapata 450. Rahisi mno. Bei ya umeme ikipanda naye anapandishiwa malipo, ingawa hajaongeza hata nguzo moja.

Baadaye SAPP ikahamia megawati-kilomita. Hesabu ya gridi hufanywa mara mbili, bila mzigo wa mgeni na ukiwemo, kwa kuwa umeme haujui mkataba: hugawanyika kwenye kila laini iliyo wazi. Laini ya megawati 1,000 iliyoongezewa 100 mwaka mzima humdai mgeni sehemu ya kumi ya gharama zake.

Ubishi huzuka pale mzigo wa mgeni unapokwenda kinyume na mkondo uliopo, ukaipunguzia laini kazi. Alipwe yeye? Wenye laini hukataa: mkopo wa benki haupungui. Nawaelewa, lakini kumtoza anayekupunguzia mzigo ni kujitakia makuu.

Na nafuu hiyo si ndogo. Mkondo ukipungua nusu, upotevu kwenye laini ileile hubaki robo. Umeme unaoingilia Arusha huzipumzisha laini ndefu zinazopanda kutoka kusini. Basi ushuru wa Kenya upimwe dhidi ya uniti hizo zinazookolewa.

Wiki ijayo: umeme unaopotelea ndani ya gridi ya jirani, nani anaulipia?