Kustaafu Si Kulala

Siku hizi karibu kila kijiji kina watu waliorudi nyumbani kutoka kazini. Huyu alikuwa mwalimu, yule alikuwa muuguzi, mwingine alikuwa askari au mtu wa reli. Mtumishi wa serikali ya Tanzania aweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika miaka 60 hana budi kustaafu. Hurudi na mabati yake, makochi yake, na fedha kidogo za mafao. Majirani humwambia: "Sasa pumzika, mzee. Umekwisha fanya kazi ya kutosha."

Maneno hayo ni mema, lakini yana hatari ndani yake. Maana aliyezoea kuamka alfajiri kwa miaka thelathini, akikaa ghafula barazani tangu asubuhi hadi jioni, huanza kuharibika kama jembe lililosahauliwa kwenye mvua. Tena miaka hiyo ndiyo miaka ambayo mwili wake, nyumba yake na fedha zake vyahitaji macho zaidi kuliko zamani. Leo yafaa tuyatazame mambo haya moja moja. Nawe kijana usifunge gazeti, kwa kuwa mzee anayesemwa hapa ni baba yako au mama yako.

Daftari la mzee wa reli

Huku kwetu Tabora watu wa reli ni wengi, kwa sababu reli ilifika hapa mwaka 1912, na kutoka hapa ikaendelea hadi Kigoma. Yuko mzee mmoja aliyefanya kazi katika stesheni ndogo ndogo za njia hiyo. Hatutamtaja jina, kwani hapendi kuonekana gazetini. Kazi yake ilikuwa kuandika: garimoshi limefika saa ngapi, limeondoka saa ngapi. Alipostaafu hakuacha desturi hiyo. Alinunua daftari la kurasa mia, akaligawa sehemu tatu: mwili, nyumba, fedha. Ukimwuliza sababu hukujibu kwa methali tunayoijua sote: mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha huongeza, "Na mwili nao ni mali, mwanangu."

Katika sehemu ya kwanza huandika presha yake. Alianza baada ya muuguzi wa zahanati kumpima na kumwambia kuwa imepanda, naye haumwi kichwa wala kizunguzungu. Alishangaa sana. "Garimoshi likija hupiga honi," asema, "lakini presha hupanda kimya."

Maneno yake ni kweli. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo. Ndiyo maana haifai kungoja maumivu ndipo ukapime.

Presha ni kitu gani? Ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Kipimo cha kufunga mkononi kilitengenezwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkoff, akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti ya damu mkononi, hata tukapata tarakimu mbili. Ya kwanza ni nguvu wakati moyo unaposukuma, ya pili ni nguvu wakati moyo unapopumzika. Ikiwa ni chini ya 120 kwa 80, ni njema. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, tena imepimwa siku mbalimbali ikaonekana hivyo hivyo, basi huo ni ugonjwa, na mtu huyo yampasa kutibiwa.

Wengine sasa wana vipimo vidogo vya betri nyumbani. Ni vizuri, lakini kipimo kibaya ni sawa na uongo. Fanya hivi. Usipime mara baada ya kutembea, kunywa chai au kuvuta tumbako. Ngoja nusu saa. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, dakika tano bila kuongea. Weka mkono mezani, usawa wa moyo. Funga kipimo kwenye ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, uandike zote mbili, na siku ya kliniki umpelekee daktari daftari.

Rafiki aliyeacha dawa

Mzee wetu alikuwa na rafiki, waliyestaafu mwaka mmoja. Yeye naye alipewa vidonge vya presha. Alivimeza miezi michache, akapimwa, akaambiwa, "Sasa iko sawa." Akafurahi, akaviacha. Alifikiri kwamba amepona, kama mtu aliyemaliza dawa ya malaria. Kumbe presha ilikuwa imeshuka kwa sababu ya vidonge, na vilipokwisha ikapanda tena kimya kimya.

Asubuhi moja mkewe alimwona mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia hauinuki. Anasema, lakini maneno hayaeleweki. Jamaa wakakusanyika, na kila mmoja akatoa shauri lake. Mmoja akasema amerogwa na watu wanaoonea wivu nyumba yake mpya. Wakazunguka huku na huku kutafuta wa kumwagua, hata siku mbili zikapita ndipo wakampeleka hospitali. Yu hai mpaka leo, lakini hulishwa na mkewe, na mkono uliokuwa ukiandika barua za kijiji kizima umelala mapajani.

Msomaji, shika alama hizi tatu: uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja umelegea, maneno yamevurugika. Ukiona hata moja imetokea ghafula, huo ni kiharusi. Tazama saa ilipoanza, uiandike, umpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Usimpe chakula wala maji, maana aweza kupaliwa. Hospitali kubwa zina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa katika saa nne na nusu za kwanza tu. Anayepoteza siku mbili amepoteza mengi.

Na vidonge je? Usiviache mwenyewe. Vikikuletea kikohozi, kizunguzungu au uchovu, rudi kwa daktari akubadilishie. Vikikaribia kwisha, usingoje kidonge cha mwisho.

Pamoja na vidonge, punguza chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, nayo ni chumvi yote: ya mboga, ya samaki wa chumvi, na ile inayonyunyizwa mezani kabla hata ya kuonja. Tumbako iache kabisa. Pombe nayo ipunguze. Tena utembee: dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma. Mzee wa reli huenda gulioni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Vijana wa bodaboda wakimwita, huwaambia, "Nimepanda magari miaka yote, sasa acheni nitembee."

Moshi, taa na makaa

Sehemu ya pili ya daftari ni nyumba. Mafao yakiingia, wengi hununua kwanza televisheni kubwa. Hatusemi ni dhambi. Lakini tazama jikoni: mama bado anapuliza kuni katika chumba kisicho na dirisha, macho mekundu, kifua kinakoroma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Moshi huo hudhuru mapafu, hudhuru na moyo, na watoto wachanga walio mgongoni mwa mama huuvuta pamoja naye.

Mwaka 2024 Tanzania ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati hiyo. Basi ikiwa waweza kununua jiko la gesi, lifikirie kabla ya makochi. Mtungi usimame wima, usilazwe. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti: funga mtungi, fungua milango na madirisha. Ukitaka kujua kama mpira unavuja, upake povu la sabuni. Likitoa mapovu, unavuja. Asiyeweza gesi na atengeneze jiko sanifu lenye bomba la moshi, akaushe kuni zake vizuri, na atoboe dirisha.

Tena ni hatari kubwa kuingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi na kufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala na hawaamki. Afadhali blanketi la pili.

Katika taa tumepata nafuu kubwa. Kibatari kinaondoka, umeme wa jua umeingia hata katika nyumba za nyasi. Lakini mitambo hii huharibika upesi kwa kutojua. Kioo cha juu ya paa kikijaa vumbi hakifanyi kazi vizuri. Kifute kwa kitambaa laini chenye maji, asubuhi kabla hakijapata moto. Sisi tulio kusini ya ikweta, kioo chapasa kuelekea kaskazini, tena mahali pasipo na kivuli cha mwembe. Betri kubwa za maji zisinyonywe mpaka zife. Zikiachwa tupu mara kwa mara hazidumu. Wala zisikae chumba cha kulala, kwa kuwa zikichajiwa hutoa hewa inayoweza kushika moto.

Simu na wezi wasiovunja mlango

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Zamani aliyestaafu alisafiri hadi mjini kufuata fedha zake, na mwizi alimngoja njiani. Leo fedha huja mfukoni, lakini mwizi naye huja mfukoni humo humo.

Sauti zao mwazijua. "Ile pesa tuma kwenye namba hii." "Baba, nimepata ajali, hii ni simu ya msamaria." "Tunapiga kutoka mfuko wa pensheni, taja namba yako ya siri tukurekebishie malipo." Waliostaafu hutafutwa zaidi, kwa kuwa yajulikana kwamba wamepokea fedha nyingi kwa mara moja. Wengine wamepoteza jasho la miaka thelathini kabla chai haijapoa.

Mzee wa reli ana sheria yake, nayo ni nzuri. Akipigiwa simu na mtu asemaye "haraka", hukata. Kisha humpigia mwanawe mwenyewe, kwa namba iliyoandikwa katika daftari tangu zamani. Ikiwa kweli kuna ajali, dakika mbili hizo hazitaharibu neno. "Katika reli," asema, "hatukuruhusu garimoshi liondoke kwa sababu mtu amepiga kelele. Tulingoja ishara."

Shika na haya. Namba ya siri usimwambie mtu yeyote, hata ajiite mkubwa wa kampuni. Wa kweli hawaiulizi. Ujumbe wa kitapeli waweza kuupeleka kwenye namba 15040 pamoja na namba ya aliyeutuma. Ukibonyeza *106# waweza kuona namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, toa taarifa. Nanyi wajukuu mnaowafundisha wazee simu, wafundisheni kwa uvumilivu. Msiwanyang'anye mkononi mkafanya ninyi upesi upesi. Anayefanyiwa kila mara hajui, na asiyejua ndiye huibiwa.

Simu hiyo hiyo yaweza kuwa muuguzi pia. Wekeni kengele ya saa ya kumeza dawa. Mzee wetu ameiweka saa moja jioni, nayo ikilia watoto wote wa nyumbani hupiga kelele pamoja, "Babu, dawa!" Hawezi kusahau hata akitaka.

Mzee na kijiji chake

Liko jambo moja lisiloandikwa daftarini, nalo ni upweke. Mtu alikuwa na ofisi, watu wakimngoja mlangoni. Sasa hakuna amngojaye. Wengine hukimbilia kilabuni, wengine hukaa kimya na kudhoofu. Dawa yake ni kuhitajiwa.

Basi tusiwaache wazee wakae kama picha ukutani. Aliyekuwa mwalimu asomeshe watoto wawili watatu jioni. Aliyekuwa muuguzi apime watu presha siku ya gulio, chini ya mti. Aliyekuwa karani asaidie kuandika hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Wao nao wasidai heshima ya cheo kilichokwisha, bali wakubali kuwa wanafunzi katika mambo ya shamba, maana jirani ambaye hakuvuka mto kwenda shule aweza kujua udongo kuliko wao.

Kwa hesabu ya Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Uliza katika ofisi ya kijiji utaratibu wa matibabu ya wazee ulivyo sasa, wala usione haya kuuliza.

Ndugu msomaji, juma hili fanya mambo matatu. Nunua daftari, bei yake ni ndogo. Mpeleke baba au mama akapimwe presha, na sukari pia, uandike tarehe na tarakimu. Kisha kaeni pamoja jioni moja, mpatane ni namba gani ya simu mtakayoamini siku ya taabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mwili hauna fundi wa kuujenga upya.