Simu na Faragha Yako (2): Nani Amefungua Kamera?

Juma lililopita tulieleza maana ya ruhusa ambazo programu huomba. Leo tuone jinsi ya kuchunguza programu unayoishuku kuwa inafungua kamera kwa siri.

Shangazi yangu alikuwa amebandika plasta kwenye kamera ya mbele ya simu yake. Alisema kila akifungua programu yake ya mikopo, nukta ya kijani inamulika kwenye kona ya juu ya kioo. Alama hiyo ilianza kwenye iPhone mwaka 2020 na toleo la iOS 14, ikafuata Android 12 mwaka 2021. Kwenye iPhone maana yake ni kwamba kamera inatumika sasa hivi; kwenye Android inaweza kuwa kamera au kipaza sauti.

Kwenye simu yake ya Android tulifungua Mipangilio, tukaingia Faragha, kisha Dashibodi ya Faragha. Simu ilikuwa imeandika kila programu iliyogusa kamera ndani ya saa 24. WhatsApp ilikuwamo, kwa sababu asubuhi alizungumza na mjukuu kwa video. Programu ya mikopo nayo ilikuwamo, saa 3:40 usiku, alipokuwa akiangalia deni tu.

Tukabadilisha ruhusa iwe "Uliza kila wakati". Alipofungua tena ukurasa wa deni, programu ikaomba kamera. Tukakataa, na deni likaonekana vilevile. Kumbe kamera haikuhitajika pale.

Je, alipigwa picha? Hapo tusiseme tusilolijua. Nukta na orodha kwa pamoja huonyesha kwamba kamera ilifunguliwa. Hazionyeshi kilichonaswa wala kilikopelekwa. Novemba 2019, watumiaji wa Facebook kwenye iPhone waliona kamera imefunguka nyuma ya ukurasa wanaousoma. Kampuni ilikiri hitilafu, ikairekebisha, ikasema haikuona ushahidi kwamba picha zilipakiwa.

Kwa hiyo usiishie kwenye hofu. Piga picha ya kioo penye orodha, andika saa na ulichokuwa ukifanya, ondoa ruhusa, kisha waulize wenye programu. Wasipojibu, Tanzania ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022. Kenya ina Kamishna wa Data kwa sheria ya 2019. Malalamiko yenye saa na picha ni vigumu kuyapuuza.

Shangazi amebandua plasta. Ruhusa ameifunga.

Juma lijalo: kipaza sauti.