Kabla ya Kulipia Vyeti, Andika Kazi Uliyofanya

Anayetafuta kazi Nairobi hulipa kabla ya kulipwa. Kuna nauli ya kutoka Kangemi au Kawangware hadi katikati ya jiji, kuna pesa za kupiga chapa na kutoa nakala kwenye saiba, na kwa wengi kuna gharama ya vyeti ambavyo mwajiri hana haki ya kuvidai mapema. Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalomaliza mfuko na wengi hawajasikia kwamba sheria ilibadilika.

Mwaka wa 2022 Sheria ya Ajira ilifanyiwa marekebisho. Tangu hapo, mwajiri anaweza kukudai stakabadhi za kuonyesha kwamba umetimiza matakwa ya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na maadili, pale tu anapokusudia kuandikiana nawe mkataba wa kazi. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, idhini za KRA, HELB na EACC, pamoja na ripoti ya mashirika yanayokagua mikopo, huja baada ya kuchaguliwa, si siku ya kutuma ombi. Cheti cha DCI peke yake hulipiwa Sh1,050 kupitia eCitizen, na bado kuna safari ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Kwa anayeishi kwa vibarua, hizo si pesa za kutumia kwa kubahatisha. Soma tangazo kwa makini. Likisema stakabadhi zitatakiwa kwa watakaofaulu, tulia kwanza.

Kuna karatasi nyingine ambayo hailipiwi hata senti na ambayo wengi huondoka kazini bila kuichukua. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapokwisha, mradi alifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi, mahali pa kazi na tarehe ya kumaliza. Si barua ya sifa. Sheria haimlazimishi mwajiri kukusifu, lakini hana ruhusa ya kukataa kuthibitisha kwamba ulikuwa kwake. Kukataa makusudi ni kosa.

Haki hii si ya wafanyakazi wa ofisini pekee. Dada aliyelea watoto Lavington kwa miaka mitano, mlinzi wa lango Kilimani, mtunza bustani Kileleshwa: wote wanastahili cheti hicho. Uliza mkingali mnaelewana, kabla mwajiri hajahama au kubadilisha nambari ya simu. Akikataa, afisa wa leba ndiye wa kumwendea.

Sasa wasifukazi wenyewe. Saiba nyingi za Moi Avenue na Tom Mboya zina mfano mmoja uliohifadhiwa kwenye kompyuta; mteja hutaja jina na shule, mhudumu hubadilisha mistari michache, kazi imekwisha. Ndiyo maana maombi mengi hufanana kama mapacha: kila mwombaji ni mwenye bidii, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Mwajiri wa Westlands aliyepokea barua mia mbili hawezi kumtofautisha yeyote kwa maneno hayo.

Chukua daftari kabla ya kwenda saiba. Andika kila kazi uliyofanya, hata ile isiyokuwa na barua, ukianza na ya karibuni. Chini ya kila moja jibu maswali haya: nilifanya nini hasa kila siku, kwa wingi gani, na nani aliniamini na nini? Tuseme umehudumu miaka miwili katika duka la jumla Kawangware. Usiandike tu "mhudumu wa duka." Andika kwamba ulipokea malipo ya taslimu na ya M-Pesa, ulifunga hesabu kila jioni, uliagiza bidhaa zilipopungua, na wewe ndiye uliyeshika funguo. Hiyo ya funguo inaonekana ndogo, lakini inamwambia msomaji mengi kuliko neno "mwaminifu." Andika kwa lugha unayowazia, kisha utafute mtu wa kukusaidia kuyaweka kwa Kiingereza sahili, maana waajiri wengi wa jijini husoma maombi kwa Kiingereza.

Kurasa mbili zinatosha. Weka jina, simu inayopatikana, baruapepe na mtaa unakoishi. Nambari ya kitambulisho, dini, kabila na hali ya ndoa hazina kazi kwenye wasifukazi unaopita mikononi mwa watu usiowajua. Fomu za kazi za umma ni jambo tofauti: huuliza kabila au ulemavu kwa sababu sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa zaidi ya kaunti. Hapo jaza ukweli.

Ukweli uwe pia kwenye vyeti vya masomo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika asasi za serikali ulifichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000. Gredi ya chini haimfungi mtu, ila karatasi iliyonunuliwa kwenye vichochoro vya katikati ya jiji inaweza kumpeleka kortini miaka kumi baadaye.

Kuhusu warejelewa, wapigie simu kwanza. Ni aibu kwa mrejelewa kuulizwa juu yako akaanza kukumbuka wewe ni nani.

Halafu kuna wale wanaokuita haraka mno. Ujumbe unafika kwamba umeteuliwa, ofisi iko orofa ya nne ya jengo fulani mjini, uje na pesa za usajili, za mafunzo au za sare. Mwajiri wa kweli hauzi nafasi. Ajenti anayedai kukutafutia kazi, hasa ya Uarabuni, ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakiki jina lake kwa mamlaka hiyo kabla ya kumkabidhi pasipoti.

Kwa kazi za kaunti, anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na ombi halilipiwi. Sheria inaitaka bodi itangaze nafasi hadharani. Nafasi za serikali kuu hutoka kwenye gazeti la MyGov kila Jumanne. Utakapotuma kwa baruapepe, weka nambari ya tangazo kwenye kichwa cha ujumbe, hifadhi faili kwa jina lako kamili badala ya "CV mpya 2," na usingoje saa ya mwisho, kwani ndiyo saa ambayo mtandao hulemewa.