Namna ya kupandisha na kushusha sauti ndani ya rekodi



Wengi wananisimamisha njiani na kuniuliza namna gani Mzee wa korali anasikika sasa ndani ya ile rekodi, wakati mwanzo hakusikika hata kidogo. Wengine wanasema tulinunua mashine mpya. Hapana. Ni ile ile ordinatere ya zamani ya chumba cha informatike, ile iliyokosa herufi mbili. Nitaeleza kazi yenyewe, na kosa langu pia.

Mnakumbuka kama Mzee aliyeanzisha korali yetu alikuja siku ya sikukuu ya masomo, akasema karibu dakika nne katikati ya nyimbo mbili. Simu iliyorekodi iliwekwa juu ya benchi, karibu na ngoma. Ngoma ziliingia kwa nguvu. Mzee alisimama mbali, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuchoka, basi iliingia kidogo tu. Nyuma ya miezi miwili akafariki. Binti yake akatuomba ile rekodi, kusudi jamaa waisikilize siku ya kuondoa matanga. Hakuna rekodi ingine tuliyo nayo.

Mara ya kwanza nilifanya vile watu wengi wanafanya: nilikamata rekodi nzima, nikaipandisha. Mzee akasikika, ndiyo, lakini ngoma zikawa sawa mawe yanayoanguka juu ya manjanja. Sababu ni hii: ndani ya ordinatere sauti iko na dari yake, inaitwa desibeli 0. Wimbi linalotaka kupita dari linakatwa kichwa, linabaki bapa sawa meza, na sikio linasikia mukwaruzo. Ukihifadhi kazi namna ile na kufuta ya kwanza, umepoteza. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeweka kopi.

Kumbe sauti haiombi kiasi kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Mama anayepika sombe haachi mbabula na moto ule ule: anaongeza makala, anayapunguza, akiangalia chungu. Zamani, ndani ya studio kubwa za Ulaya na Marekani, watu walisukuma vitufe kwa mkono wakati mkanda ulikuwa ukipita, hata watu watatu au wanne pamoja, na mmoja akikosa, wote wanaanza tena. Katika miaka ya 1970 kampani Neve ya Uingereza ilitoa mashine inayoitwa NECAM, iliyokumbuka mwendo wa vitufe na kuvisogeza yenyewe.

Sisi tunatumia programu Audacity. Ni ya bure, ilitoka mwaka 2000, na walioianza ni Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ndani yake sauti inaonekana sawa milima. Katika nakala yetu, ukifinya F2 unapata chombo kinachoitwa bahasha, sababu mistari miwili inafunika milima juu na chini. Ukigusa mstari, nukta inazaliwa. Ukivuta nukta kuelekea katikati, sauti inashuka. Ukiivuta nje kabisa ya picha, nukta inafutika. Jambo zuri ni kama rekodi ya kwanza haiguswi: bahasha ni agizo tu juu yake, mpaka siku ya kutoa kopi ya mwisho.

Hapa ndipo nilipoteza mchana mzima. Niliweka nukta moja tu, nikashangaa kuona wimbo, Mzee, na wimbo wa pili vyote vinashuka pamoja. Nukta moja haina mwenzake wa kuizuia. Inapashwa nukta nne: mbili pale wimbo wa kwanza unaisha, ya chini na ya juu, na mbili pale wimbo wa pili unaanza, ya juu na ya chini. Katikati yake Mzee anabaki juu.

Sasa fahamuni vizuri: sikumpandisha Mzee. Nilishusha ngoma. Nyuma ya kuzishusha, dari ikabaki mbali, ndipo nikapandisha yote kwa mara moja na hakuna kichwa kilichokatwa. Kwa kiasi gani? Ukipunguza kimo cha wimbi kwa nusu, umeshusha desibeli 6, lakini sikio halisikii nusu. Kwa sikio, nusu ni karibu desibeli 10, ni kusema unabakiza karibu theluthi moja ya kimo. Mimi nilifika pale.

Kati ya nukta ya chini na ya juu niliacha sekunde mbili, nikaanza kupanda nyuma ya pigo la mwisho la ngoma. Ukipandisha ghafula, mvua iliyokuwa ikinyesha siku ile inaruka masikioni sawa mtu aliyefungua mlango. Maana mvua inapanda pamoja na Mzee, bahasha haijui kuvitenga. Na pale ngoma zilikatwa vichwa tangu ndani ya simu, siku yenyewe, hakuna dawa. Mtazisikia.

Nyuma ya kumaliza nilimwita mwongozi wa korali asikilize akigeuzia ordinatere mgongo, maana macho yanadanganya masikio.

Kuna pahali Mzee anakohoa na kunyamaza kidogo. Nilitaka kupashusha mpaka chini kabisa, kusudi iwe safi. Sijui nini ilinizuia, nikapaacha. Binti yake alipokuja kusikiliza, ndipo pale aliomba nimrudishie mara mbili.

Wenye kutaka kujifunza waje Jumatano nyuma ya saa nane, kama umeme uko. Kila mtu alete ekuteri zake.