Mkazo wa Oksidesheni katika Vinundu na Saratani ya Tezi ya Thairoidi: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Historia ya Upungufu wa Madini Joto Mkoani Iringa

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Iringa, ambao hadi mwaka 2012 ulijumuisha pia eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Njombe, ni miongoni mwa maeneo ya Nyanda za Juu Kusini yaliyoathiriwa kwa muda mrefu na upungufu wa madini joto. Katika nchi za milima, mvua huosha madini hayo kutoka kwenye udongo, na mazao yanayolimwa humo hubaki na kiasi kidogo mno. Matokeo yanayoonekana kwa macho ni rovu, yaani kuvimba kwa tezi ya thairoidi iliyoko mbele ya shingo. Matokeo yasiyoonekana ni madhara yanayojikusanya ndani ya seli za tezi hiyo. Makala hii inafafanua namna mkazo wa oksidesheni unavyohusiana na vinundu na saratani ya thairoidi. Hoja yake kuu ni kwamba kurejeshwa kwa madini joto katika chumvi kumewakinga watoto, lakini hakufuti historia iliyokwisha kuandikwa katika tezi za watu wazima.

2.0 Tezi inayotengeneza kioksidishi chake

Mkazo wa oksidesheni ni hali ambapo vioksidishi vinavyozalishwa katika seli vinazidi uwezo wa seli hiyo wa kuviondoa na kukarabati madhara yake. Katika viungo vingi, vioksidishi ni mabaki ya shughuli nyingine za seli. Thairoidi ni tofauti, kwa kuwa hutengeneza peroksidi ya haidrojeni kwa makusudi, na bila kemikali hiyo haiwezi kufanya kazi yake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Seli za tezi huvuta madini joto kutoka katika damu na kuyafikisha ukingoni mwa kifuko ambamo protini ya thairoglobulini huhifadhiwa. Ukingoni hapo, kimeng'enya cha DUOX2 huzalisha peroksidi ya haidrojeni, na kimeng'enya cha thairoidi peroksidesi huitumia kuyaunganisha madini joto na thairoglobulini. Kutokana na muungano huo hupatikana homoni za thairoidi. Peroksidi ikivuja na kurudi ndani ya seli, inaweza kuharibu mafuta ya utando, protini na DNA. Ndiyo maana tezi hii ina ulinzi mkubwa, vikiwemo vimeng'enya vya glutathioni peroksidesi vinavyohitaji madini ya seleniamu. Kwa uzito ulio sawa, thairoidi ina seleniamu nyingi kuliko viungo vingine vya mwili.

3.0 Upungufu wa madini joto na chimbuko la vinundu

Madini joto yanapopungua, kiwango cha homoni za thairoidi hushuka, na tezi ya pituitari hujibu kwa kutoa zaidi homoni ya kuichochea thairoidi (TSH). Kichocheo hicho huleta mambo mawili kwa wakati mmoja: seli hugawanyika mara nyingi zaidi, na mfumo wa kuzalisha peroksidi huongezewa kasi ilhali madini ya kuunganishwa ni haba. Majaribio ya Maier na wenzake (2007) kwa panya walionyimwa madini joto yalionyesha kuongezeka kwa madhara ya DNA katika tezi, pamoja na kuamshwa kwa jeni za kujilinda dhidi ya oksidesheni.

Hapa ndipo vinundu hupata maelezo. DNA iliyoharibika katika seli isiyogawanyika huweza kukarabatiwa kabla ya kuleta athari. Katika seli inayogawanyika upesi, kosa hurithishwa kwa seli zinazofuata. Seli moja iliyopata mabadiliko yanayoipa nafasi ya kukua kuliko jirani zake huzaa kundi, na kundi hilo huwa kinundu. Baadhi ya vinundu hubeba mabadiliko katika jeni ya kipokezi cha TSH na hutoa homoni bila kusubiri amri. Hii ndiyo sababu mgonjwa mwenye rovu la miaka mingi anaweza kupata dalili za homoni kuzidi, hasa anapopewa madini joto kwa wingi na kwa ghafla.

4.0 Kutoka kinundu hadi saratani

Vinundu vingi si saratani. Kati ya vinundu 100 vinavyochunguzwa, takribani 7 hadi 15 ndivyo hubainika kuwa saratani, kutegemea umri, jinsi na historia ya mgonjwa. Hata hivyo, njia ya oksidesheni huendelea kuonekana katika uvimbe huo. Weyemi na wenzake (2010) walibaini kwamba kimeng'enya cha NOX4, ambacho huzalisha vioksidishi ndani ya seli, huongezeka katika saratani za thairoidi. Ameziane-El-Hassani na wenzake (2010) walionyesha kwamba peroksidi ya haidrojeni inaweza kusababisha muungano wa jeni wa RET/PTC1, ambao hupatikana katika saratani ya aina ya papilari. Aidha, Azouzi na wenzake (2017) waliihusisha NOX4 na kupungua kwa protini inayovuta madini joto katika uvimbe wenye mabadiliko ya jeni ya BRAF. Jambo hili lina uzito katika tiba, kwa kuwa seli isiyovuta madini joto haiwezi kuuawa na madini joto yenye mnururisho.

Matokeo hayo yasomwe kwa tahadhari. Vioksidishi vingi katika saratani vinaweza kuwa chanzo, matokeo, au vyote viwili. Vipimo vya oksidesheni katika damu navyo hupanda katika maradhi mengi, hivyo haviwezi kutumika peke yake kutenganisha kinundu cha kawaida na saratani.

5.0 Maana yake kwa Iringa

Katika miaka ya 1980, takribani 25% ya Watanzania walikadiriwa kuwa na rovu. Vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ikaenea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004, uliochapishwa na Assey na wenzake (2009), ulikuta rovu kwa 6.9% ya wanafunzi wa shule za msingi. Ni mafanikio makubwa, lakini kipimo chake ni watoto. Msichana aliyezaliwa Iringa mwaka 1970 alifikisha miaka 20 kabla chumvi hiyo haijaenea. Leo ni mama mwenye zaidi ya miaka 50, na tezi yake ilipitia utoto na ujana chini ya kichocheo kilichoelezwa hapo juu.

Saratani ya aina ya folikula huchukua sehemu kubwa zaidi ya saratani za thairoidi katika maeneo yenye upungufu wa madini joto. Aina hii husambaa kwa njia ya damu hadi kwenye mifupa na mapafu, na sampuli ya seli iliyofyonzwa kwa sindano haitoshi kuitofautisha na uvimbe usio saratani. Kwa hiyo, kinundu kinachokua haraka, kilicho kigumu, au kinachoambatana na sauti kukwaruza hakipaswi kupuuzwa kwa maelezo kwamba ni rovu la zamani. Kinahitaji kipimo cha TSH, altrasaundi na uchunguzi wa patholojia.

Ufafanuzi huu hauhalalishi ugawaji holela wa vidonge vya kuzuia oksidesheni. Katika Kongo, Contempré na wenzake (1991) waliwapa seleniamu watu wenye upungufu wa madini hayo na wa madini joto pia. Hali ya thairoidi kwa waliokuwa na homoni pungufu ilizidi kuwa mbaya. Ulinzi wa kwanza ni madini joto yenyewe, kwa kiasi kinachofaa.

6.0 Hitimisho

Thairoidi huishi na kioksidishi ambacho haiwezi kukikwepa. Madini joto yanapotosha, kioksidishi hicho hupata kazi. Yanapokosekana, huielekea seli yenyewe. Chumvi yenye madini joto inapaswa kuendelea kusimamiwa ili kizazi kipya kisirudi kwenye hali ya awali, na kizazi kilichotangulia kichunguzwe kwa namna yake, kwa kuwa madhara yake yalitangulia chumvi hiyo.