Majaribio ya Programu za Malipo: Daftari Linalomlinda Mwananchi

Katika kaunti nyingi nchini, ada za soko, maegesho na vibali vya biashara sasa hulipwa kwa simu. Mwananchi huona hatua mbili tu: anaweka nambari ya siri, kisha anapokea ujumbe wa kuthibitisha. Kati ya hatua hizo kuna programu kadhaa zinazopokezana taarifa, zikiwemo za kampuni ya simu, za benki na za kaunti yenyewe. Moja ikikosea, mfanyabiashara anaweza kuhesabiwa kuwa mdaiwa ilhali pesa zimeshatoka mfukoni mwake.

Hii ndiyo sababu programu hujaribiwa kabla ya kuanza kutumika, na tena kila inapobadilishwa. Majaribio hayo huwekwa katika mfumo maalum wa kuyasimamia, ambao kwa ufupi ni daftari la kidijitali.

Ni nini kinachoandikwa humo?

Chukua mfano wa ada ya soko ya Sh50. Anayejaribu programu hulipa, kisha huzima simu mara tu baada ya kuweka nambari ya siri. Matokeo yanayotarajiwa huandikwa mapema: programu ya kaunti iulize ikiwa malipo yalipita, itoe risiti moja, na isidai Sh50 nyingine. Daftari huonyesha hatua zilizofuatwa, toleo la programu lililojaribiwa, aliyefanya jaribio, tarehe, na iwapo matokeo yalikuwa sawa. Yasipokuwa sawa, hitilafu hupewa nambari na kufuatiliwa hadi irekebishwe, kisha jaribio hurudiwa.

Bila daftari, maneno “tulijaribu, inafanya kazi” hayana ushahidi. Fundi aliyejaribu akihama kazi, ujuzi wake huondoka naye.

Funzo kutoka nje

Nchini Uingereza, shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka wa 1999. Mfumo huo ulionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Mamia ya wasimamizi wa vituo vya posta walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, na baadhi yao walifungwa, kwa kuwa takwimu za kompyuta ziliaminiwa kuliko maneno yao. Desemba 2019, Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu. Kumbukumbu za hitilafu zilizowekwa na mafundi wenyewe zilikuwa sehemu muhimu ya ushahidi. Mwaka wa 2024 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Tukio jingine ni la tarehe 19 Julai 2024, wakati sasisho la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike lilipozima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Uchunguzi wa kampuni hiyo ulionyesha kuwa sasisho lilitarajia sehemu 21 za taarifa ilhali programu ilitoa 20. Majaribio yalikuwa yamefanyika, lakini katika sehemu ya 21 yaliruhusu jibu lolote, hivyo kosa likapita bila kuonekana. Wingi wa majaribio, basi, hautoshi. Ni lazima yaguse hali halisi.

Maboresho ya kutazamwa mwaka hadi mwaka

Daftari la majaribio nalo huhitaji kuboreshwa. Maboresho manne yana uzito kwa huduma za umma.

Kwanza ni historia ya mabadiliko. Jaribio likihaririwa, maandishi ya awali hubaki, pamoja na jina la aliyehariri. Hakuna anayeweza kugeuza “limeshindwa” kuwa “limefaulu” kimyakimya.

Pili ni kuunganisha kila hitaji na jaribio lake. Sheria ya fedha ya kaunti ikibadilisha kiwango cha ada, wahusika huona mara moja ni majaribio gani yanapaswa kurudiwa.

Tatu ni majaribio yanayojiendesha. Kompyuta huyarudia mara kwa mara, hata usiku, na matokeo huingia daftarini bila kunakiliwa kwa mkono.

Nne ni mgawanyo wa mamlaka. Aliyeunda programu hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha kwamba iko tayari.

Gharama si lazima iwe kubwa. Kuna programu huria za kazi hii, kama vile Kiwi TCMS na TestLink, ambazo taasisi inaweza kuziweka katika seva zake bila kulipia leseni. Hata hivyo, wafanyakazi wenye ujuzi na muda wa kutosha wa kujaribu bado wanahitajika.

Nafasi ya mkazi

Kompyuta haiwezi kugundua kila kitu. Programu inapaswa pia kujaribiwa na watakaoitumia: mama mboga mwenye simu ya vitufe, mzee asiyeona vyema, mwendeshaji bodaboda aliye mahali penye mtandao hafifu. Wakazi wanapoalikwa kujaribu mfumo mpya, mchango wao huzuia makosa ambayo ofisini hayaonekani.

Malipo yakienda vibaya, mkazi asifute ujumbe wa simu. Aandike nambari ya muamala, kiasi, saa na alicholipia, kisha awasilishe malalamishi kwa ofisi ya mapato na adai nambari ya kumbukumbu. Maelezo kama hayo humwezesha fundi kurudia tukio na kuliongeza katika daftari la majaribio, ili mwingine asipatwe na tatizo lilo hilo.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma hutakiwa kujibu ombi mapema iwezekanavyo, na kwa kawaida si zaidi ya siku 21. Raia anaweza kutumia haki hiyo kuuliza iwapo mfumo anaoutumia kulipa ulijaribiwa, na hitilafu zilizopatikana zilishughulikiwaje.