Aliyesilimu na Mbwa Wake Mdogo: Nini Kinamlazimu?

Wapo Waislamu wapya huko Uingereza wanaosilimu hali ya kuwa nyumbani mwao mna mbwa mdogo, aghlabu yule aitwaye Cockapoo, chotara wa Cocker Spaniel na Poodle. Baadhi yao huambiwa: “Mtoe nje leo hii.” Kauli hii inachanganya hukumu mbili, ya najisi na ya dhulma.

Hukumu ya najisi inajulikana. Kwa madhehebu ya Imam Shafi mbwa ni najisi nzito, na palipopata mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. (Kwa Malik, mbwa aliye hai ni twahara.) Kikavu kikigusa kikavu hakinajisiki. Ama kumfuga bila ya haja ya kuwinda, mifugo au shamba, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa hupunguza ujira wa mfugaji kila siku. Kwa hiyo ndugu yetu amtafutie mtu mwingine atakayemtunza.

Lakini mpaka apatikane? Hapa wengi huteleza. Katika mlango wa tayammamu, mafakihi wa Kishafi wamesema: mwenye maji ya udhu tu, akamkuta mnyama mwenye heshima anakufa kwa kiu, maji hayo ni ya mnyama, naye atatayammamu. Waliyemtoa ni mbwa mshambulizi, si kila mbwa. Basi yule yule ambaye mate yake huoshwa mara saba ana haki mbele ya udhu wetu!

Na haki haitekelezwi bila ya kumjua mwenyewe. Cockapoo ni mchangamfu, mwepesi wa kufunzwa, na ameshikamana mno na watu. Akiachwa peke yake kutwa nzima hubweka na kutafuna viti. Hiyo ni dhiki, si ukorofi, na kumpiga ni dhulma. Kwa kuwa ni chotara, hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana kwa umbo na tabia. Atembezwe kila siku. Manyoya yake hayapukutiki sana bali hukua na kusokotana hata yakaumiza ngozi, hivyo yachanwe akiwa mkavu, na yapunguzwe kila baada ya wiki kadhaa. Masikio yake yanayoning'inia hushika unyevu na kuoza upesi. Mwenye kumwogesha avae glavu. Na sadaka ya pilau ya Idi asipewe: vitunguu na zabibu ni sumu kwake, na chokoleti vilevile.

Kumtelekeza barabarani, mbali na kuwa ni haramu, kunaweza kumtia mtu hatiani kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 ya Uingereza na Wales. Akimkabidhi kwa mwingine, ampe na kumbukumbu za chanjo, na wabadilishe jina la mmiliki katika usajili wa chipu iliyo chini ya ngozi yake.

Ama mbwa akiwa ni wa wazazi wasiosilimu, si juu ya kijana kumfukuza. Atenge chumba cha kuswalia, na mlango aufunge.